Uvimbe adimu wa mapafu kwa watoto na jeni ya DICER1: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu pleuropulmonari blastoma, kwa kifupi PPB, na kasoro ya kurithi katika jeni ya DICER1 ambayo ndiyo chanzo cha visa vingi vya ugonjwa huo. Umeandikwa kwa ajili ya wazazi na ndugu wa mgonjwa, lakini wauguzi, madaktari wa wilaya na mafundi wa maabara pia watakuta humo mambo ya kuwafaa.

PPB ni ugonjwa gani hasa?

Ni saratani inayoanzia kwenye pafu lenyewe au kwenye utando unaolifunika, na huwapata watoto wadogo, wengi wao wakiwa hawajafikisha miaka 7. Mara nyingi mtoto akikutwa na saratani kwenye mapafu, huwa imesambaa kutoka kwingine, kama kwenye figo au mfupa. Ila kati ya zile zinazoanzia mapafuni kwa mtoto mdogo, PPB ndiyo inayoonekana zaidi, ingawa bado ni adimu sana. Haisababishwi na sigara, moshi wa kuni, baridi wala chakula alichokula mama akiwa mjamzito.

Ilielezwa kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1988. Rejesta ya kimataifa ya PPB na DICER1, iliyoko Minneapolis nchini Marekani, imekuwa ikikusanya taarifa za wagonjwa kutoka nchi mbalimbali tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya takwimu utakazosoma hapa imetokana na kazi hiyo.

Jeni moja inawezaje kuleta uvimbe kwenye pafu?

DICER1 iko kwenye kromosomu ya 14. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi: hukata nyuzi ndefu za RNA, yaani nakala zinazotolewa kwenye jeni, kuwa vipande vifupi vya vijenzi 22 hivi, vinavyoitwa mikroRNA. Vipande hivyo ndivyo vinavyoziambia jeni nyingine lini zinyamaze. Pafu la mtoto aliye tumboni linapojijenga, seli zinahitaji kuambiwa ziache kugawanyika na zianze kukomaa. Amri hiyo isipofika, baadhi ya seli hubaki changa na kuendelea kuongezeka.

Kila mtu ana nakala mbili za DICER1, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi kasoro ana nakala moja isiyofanya kazi, na hiyo peke yake haimletei uvimbe. Uvimbe huanza pale nakala ya pili nayo inapoharibika ndani ya seli moja ya pafu. Jambo la pekee ni kwamba uharibifu huu wa pili kwa kawaida hauiui jeni kabisa. Unagusa sehemu chache zinazojulikana, zote zikiwa kwenye makali ya kimeng'enya yanayoitwa RNase IIIb, na kufanya kikate upande mmoja tu wa uzi. Ndiyo maana maabara inayochunguza uvimbe wenyewe hutafuta sehemu hizo kwanza. Uhusiano wa DICER1 na PPB ya kifamilia ulithibitishwa mwaka 2009.

Kila mtoto mwenye PPB amerithi kasoro hii?

Hapana. Kati ya watoto wenye PPB, theluthi mbili au zaidi kidogo hukutwa na kasoro ya DICER1 kwenye damu, maana yake wamezaliwa nayo. Waliobaki wana kasoro kwenye uvimbe tu, au ipo kwenye baadhi ya seli za mwili na si zote. Hali hii ya mwisho hutokea kosa linapoingia siku za mwanzo baada ya mimba kutunga. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na damu inayoonekana safi huku kasoro iko kwenye mapafu na figo.

Miongoni mwa waliozaliwa nayo, takriban 80% wameipata kwa mzazi, na karibu 20% ni wa kwanza katika ukoo wao.

Inarithiwa vipi, na je, ni kosa la mama?

Mzazi mmoja akiwa na kasoro, kila mimba ina nafasi ya 50% ya kuirithi. Nafasi hiyo ni ileile kwa mtoto wa kiume na wa kike, na ni ileile awe baba au mama ndiye aliyeibeba. Haisubiri wazazi wote wawili wawe nayo, wala haihusiani na kuoana ndugu.

Lawama kwa mama ni jambo linaloumiza familia nyingi, na halina msingi wowote. Hakuna mtu anayejichagulia nakala ya jeni atakayompa mwanawe. Baba anaweza kuwa ndiye aliyeibeba bila kuwahi kuugua hata siku moja, na hilo ni la kawaida kabisa kwa DICER1.

Nikikutwa na kasoro, nitaugua?

Yawezekana usiugue kabisa. Utafiti uliowafuatilia ndugu wa wagonjwa, yaani waliobeba kasoro lakini hawakupimwa kwa sababu ya ugonjwa wao wenyewe, ulikuta kwamba kufikia umri wa miaka 10, asilimia 5.3 tu walikuwa wamepata uvimbe. Kufikia miaka 50 ilikuwa 19.3%: wanawake 26.5% na wanaume 10.2%. Hesabu hiyo haijumuishi vinundu vya kawaida vya tezi ya shingo, ambavyo ni vingi mno kwa watu hawa.

Kwa hiyo wengi waliobeba kasoro wanaishi bila saratani. Ila kwa mtoto mchanga, miaka michache ya mwanzo ndiyo yenye hatari ya PPB, na hatari hiyo haionekani kwa macho. Hapo ndipo kipimo kinapookoa maisha.

Aina I, II na III zinatofautianaje?

Aina I ni vifuko vyenye hewa tu, visivyo na nyama ngumu ndani. Nusu ya watoto wenye aina hii hugunduliwa wakiwa na miezi 8 au chini. Aina II ina vifuko na nyama pamoja, na umri wa kati wa kugunduliwa ni miezi 35. Aina III ni nyama tupu, umri wa kati miezi 41. Kuna pia aina Ir: kifuko kilichoacha kukua, kisicho na seli changa, ambacho wakati mwingine hukutwa kwa ndugu mkubwa au hata kwa mzazi.

Angalia mpangilio wa umri huo. Ni ugonjwa mmoja unaosonga mbele: kifuko cha mtoto wa miezi 8 kinaweza kuwa nyama ya saratani anapofika miaka 3. Si kila kifuko kinachofika huko, lakini hakuna picha inayoweza kusema mapema kipi kitabadilika. Kwenye takwimu za rejesta, walioishi miaka 5 baada ya kugunduliwa walikuwa 91% kwa aina I, 100% kwa aina Ir, 71% kwa aina II na 53% kwa aina III. Watoto wa aina I waliofariki ni wale ambao ugonjwa wao uligeuka kuwa aina II au III.

Baada ya umri wa miaka 7 hivi, ni nadra sana kifuko kilichotulia kugeuka.

Dalili ni zipi?

Kwa aina I, mara nyingi hakuna dalili. Zikiwepo, ni kupumua haraka, kukohoa kusikoisha, au kupasuka ghafla kwa kifuko na hewa kuvuja kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mtoto huyo hubadilika kwa dakika chache: pua zinatanuka, mbavu zinazama ndani kila anapovuta pumzi, upande mmoja wa kifua hauinuki. Hiyo ni dharura.

Kwa aina II na III: homa, kikohozi, kupungua uzito, maumivu ya kifua au ya tumbo, kuchoka, na maji kujaa kifuani.

Kwa nini watoto wengi hutibiwa nimonia au TB kwanza?

Kwa sababu picha zinafanana, na kwa sababu nimonia na kifua kikuu ni vingi huku kwetu wakati PPB ni adimu. Daktari anayeanza na antibaiotiki hajakosea. Kosa huanza pale dawa inaposhindwa na bado hakuna anayeuliza swali la pili.

Mambo haya yanapaswa kuamsha shaka:

- Kivuli kwenye X-ray hakijapungua wiki 4 hadi 6 baada ya matibabu kamili ya nimonia. Picha irudiwe, isiachwe kwa kuwa homa imeshuka.
- Upande mzima wa kifua umekuwa mweupe na moyo umesukumwa upande wa pili, lakini bomba likiwekwa maji yanayotoka ni machache au ni ya damu. Maana yake kilichojaa humo ni nyama. Fanya ultrasaundi ya kifua kabla ya kuweka bomba jingine.
- Mtoto amewekwa kwenye dawa za TB bila vijidudu kuonekana kwenye kipimo na bila mtu wa nyumbani mwenye TB, na baada ya miezi 2 hajaongezeka uzito.
- Pafu la mtoto mchanga limepasuka na hewa kuvuja bila ajali wala mashine ya kupumulia.
- Kuna vifuko kwenye mapafu yote mawili, au sehemu kadhaa za pafu moja.

Jambo la mwisho, na ndilo linalosahaulika zaidi: historia ya ukoo. Uliza kuhusu uvimbe wa figo utotoni, uvimbe wa ovari kwa msichana, na rovu.

Rovu linahusianaje na mapafu?

DICER1 hufanya kazi kwenye tezi ya shingo pia. Kufikia umri wa miaka 40, wanawake 75% na wanaume 17% waliobeba kasoro huwa wamepata rovu lenye vinundu vingi au wameshakatwa tezi kwa sababu hiyo. Katika maeneo ya milimani ya Afrika Mashariki, ambako upungufu wa madini joto ulikuwa wa kawaida kwa vizazi vingi, rovu la bibi au shangazi halimshtui mtu. Husemwa ni chumvi, mazungumzo yakaishia hapo. Mara nyingi huwa ni chumvi kweli.

Ila rovu lililoanza kabla ya miaka 20, lililowapata watu kadhaa wa upande mmoja wa ukoo ilhali wanatumia chumvi yenye madini joto, na katika ukoo huohuo kuna mtoto mwenye kifuko cha mapafu, liandikwe kwenye faili kwa herufi kubwa. Dada wawili walioshonwa shingoni kwa ajili ya rovu wakiwa wasichana ni habari yenye uzito kuliko vipimo vingi vya damu.

Ultrasaundi ya mimba imeonyesha kifuko kwenye pafu la mtoto. Ni PPB?

Uwezekano mkubwa ni kwamba si PPB. Vifuko vingi vya kuzaliwa navyo ni hitilafu ya ukuaji wa pafu isiyo saratani, ambayo madaktari huiita CPAM. Tatizo ni kwamba aina I ya PPB inaweza kuonekana vilevile kwenye picha. Mambo yanayoelekeza kwenye CPAM ni kifuko kilichoonekana mapema katika mimba, mshipa wa damu unaokilisha moja kwa moja kutoka mshipa mkuu wa aota, na pafu la sehemu hiyo kujaa hewa kupita kiasi. Yanayoelekeza kwenye PPB ni vifuko vya pande zote mbili au sehemu nyingi, kupasuka kwa pafu, na historia ya ukoo.

Hakuna dalili hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Ushauri wa "tukiache tuone" unafaa tu iwapo kipimo cha DICER1 kimefanyika na kuna tarehe ya picha inayofuata. Kama kipimo hakipatikani na kifuko ni kikubwa, kipo zaidi ya sehemu moja au kimewahi kupasuka, upasuaji wa kukitoa ndiyo njia salama zaidi, kwani ndio unaotoa jibu na tiba kwa pamoja.

Daktari anataka kuchoma sindano achukue kipande kidogo. Nikubali?

Inategemea kilichomo. Kifuko chenye hewa tupu hakichomwi: ukuta wake ni mwembamba, sindano haipati kitu cha maana, na kinaweza kupasuka na kumwaga seli kifuani. Kifuko kinatolewa kizima. Nyama kubwa isiyoweza kutolewa mara moja, hiyo inahitaji kuchukuliwa kipande kabla ya dawa, na vipande viwe vya kutosha kwa sababu sehemu moja ya uvimbe inaweza kuonyesha misuli changa, nyingine gegedu, nyingine seli zilizokufa tu.

Kosa jingine ni kuweka bomba la kifuani kwenye kifuko kikubwa kilichodhaniwa kuwa hewa iliyovuja. Kama hali ya mtoto inaruhusu, CT skani ifanyike kwanza. Kama mtoto anakata pumzi, hakuna kusubiri: okoa maisha, halafu andika kilichofanyika ili daktari wa upasuaji ajue.

Sampuli ya uvimbe itunzwe vipi?

Hapa ndipo majibu mengi yanapotea, kwa hiyo tunalieleza kwa kirefu.

Weka kipande kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya 10% iliyochanganywa na bafa ya kupunguza asidi, ndani ya saa moja baada ya kukatwa. Kiasi cha formalini kiwe mara 10 ya ujazo wa kipande. Chombo kiwe na mdomo mpana. Kipande kilichoshindiliwa kwenye chupa ndogo huoza katikati huku nje kikionekana kizuri. Formalini huingia kwenye nyama polepole, takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa ukatwe vipande vya unene wa sentimita 1 hivi ili ipenye. Muda wa saa 24 hadi 48 unatosha. Kikikaa wiki kadhaa kikisubiri usafiri, DNA yake inakatikakatika na kipimo cha jeni kinashindikana hata kama daktari wa patholojia bado anaweza kusoma seli. Usitumie spiriti, maji ya chumvi wala formalini kali isiyochanganywa.

Kwa kifuko, mpatholojia aombwe kukata ukuta wote na kuuchunguza. Seli changa za PPB hujipanga kama tabaka jembamba chini ya ngozi ya ndani ya kifuko, na zinaweza kuwa mahali pamoja padogo tu. Ukichukua vipande viwili ukaacha vingine, ripoti itasomeka "kifuko cha kuzaliwa nacho" na mtoto atarudishwa nyumbani. Rangi za maabara zinazotafuta desmini na myojenini, ambazo ni protini za misuli, husaidia kuonyesha misuli changa.

Mwisho, kitalu cha nta kilichotengenezwa na maabara, yaani kipande cha uvimbe kilichozamishwa ndani ya nta, kisitupwe. Hata miaka mingi baadaye kinaweza kupimwa DICER1. Mzazi ana haki ya kuuliza namba ya kitalu na kuiandika.

Kipimo cha jeni hufanywaje?

Damu mililita 2 hadi 5 kwenye chupa ya EDTA, yenye kifuniko cha zambarau. Igeuzwe juu chini polepole mara 8 hadi 10 isigande. Ihifadhiwe kwenye friji ya kawaida, isiwekwe kwenye barafu kavu wala friza kabla ya kutenganishwa. Mate pia yanakubalika kwenye maabara nyingi, kwa chombo chao maalum.

Kwenye fomu, omba mambo mawili kwa majina: usomaji kamili wa jeni ya DICER1, na upimaji wa vipande vilivyopotea au kujirudia. Usomaji peke yake hukosa pale kipande kizima cha jeni kilipopotea. Kama mtoto ana uvimbe, peleka damu na kitalu cha uvimbe pamoja, na waandikie kwamba unashuku kasoro iliyo kwenye baadhi tu ya seli, ili wasome kwa kina zaidi.

Majibu yanasomwaje?

Likija "kasoro yenye madhara", hatua inayofuata ni kupima baba na mama kwa kasoro hiyohiyo moja, kipimo kidogo na cha bei nafuu kuliko cha kwanza. Ukipatikana upande, wapimwe ndugu wa mtoto, kisha wajomba, mashangazi na watoto wao. Anza na wadogo kwa umri: kichanga cha ukoo ndicho chenye muda mfupi wa kusubiri.

Likija "badiliko ambalo maana yake haijajulikana", usilitumie kuwapima ndugu wasio wagonjwa, wala usimkatie mtu kiungo kwa ajili yake. Uliza tena maabara baada ya mwaka mmoja au miwili. Maana hubadilika kadiri taarifa zinavyoongezeka.

Likija "hakuna kasoro" kwa mtoto mwenye PPB, uvimbe wenyewe upimwe. Ukikutwa na kasoro mbili na damu haina hata moja, ndugu zake kwa kawaida hawana hatari ya ziada, ila mtoto mwenyewe aendelee kufuatiliwa.

Kasoro ya familia ikishajulikana, ndugu aliyepimwa akakutwa hana kasoro hiyo hahitaji picha wala kliniki. Hilo nalo ni jibu zuri, na linaokoa fedha.

Matibabu yakoje?

Aina I: upasuaji wa kutoa kifuko chote pamoja na ukingo wa pafu lenye afya. Baadhi ya watoto hupewa dawa za saratani baadaye, hasa kama kifuko hakikutoka chote. Wengine hufuatiliwa kwa picha tu.

Aina II na III: upasuaji pamoja na dawa nne, yaani ifosfamaidi, vinkristini, aktinomaisini D na doksorubisini. Hutolewa kwa mizunguko ya kila wiki 3, na jumla ya matibabu hufikia wiki 36 hivi, doksorubisini ikiwa kwenye mizunguko ya mwanzo tu. Uvimbe mkubwa mara nyingi husinyaa kwa dawa kwanza, kisha hutolewa. Kuutoa wote ndilo jambo linalobadilisha hatima ya mtoto zaidi kuliko mengine. Mionzi huwekwa akiba kwa mabaki yasiyotolewa.

Yanayoharibika njiani yanajulikana. Ifosfamaidi huchoma kibofu na kuumiza figo, hivyo lazima iambatane na mesna, dawa ya kulinda kibofu, na maji mengi ya mshipa, na mkojo upimwe kama una damu. Doksorubisini hudhuru moyo, hivyo eko ya moyo ifanyike kabla, katikati na baada ya tiba. Vinkristini huleta choo kigumu na udhaifu wa miguu, na ikitoka nje ya mshipa huunguza nyama. Isiingizwe kamwe kwenye uti wa mgongo. Homa ya 38°C au zaidi wakati wa dawa ni safari ya hospitali usiku huohuo: antibaiotiki za mshipa zinatakiwa ndani ya saa moja baada ya kufika, na parasetamo ya nyumbani inaficha tu hatari. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua na BCG, zisitolewe wakati wa tiba.

Aina II na III hupenda kusambaa kwenye ubongo kuliko mahali pengine. MRI ya kichwa inashauriwa kila miezi 3 kwa miaka mitatu. Mtoto aliyemaliza dawa akaanza kutapika asubuhi, kuumwa kichwa au kuyumba, asitibiwe malaria kwa kubahatisha.

Mtoto wangu amebeba kasoro ila ni mzima. Afuatiliwe vipi?

Ratiba iliyochapishwa na jopo la wataalamu mwaka 2018 ndiyo inayotumika zaidi.

Mapafu: X-ray wakati wa kuzaliwa, kisha kila miezi 4 hadi 6 mpaka miaka 8, halafu mara moja kwa mwaka mpaka miaka 12. CT skani ya kifua kati ya miezi 3 na 6, na ikiwa safi irudiwe anapofika miaka 2 na nusu hadi 3.

Figo na tumbo: ultrasaundi kila miezi 6 hadi 12 mpaka miaka 8, kisha kila mwaka mpaka 12.

Wasichana: ultrasaundi ya nyonga kila miezi 6 hadi 12, na iendelee mpaka angalau miaka 40.

Tezi ya shingo: ultrasaundi ya kwanza kufikia miaka 8, kisha kila miaka 3 kama hakuna kinundu.

Macho: uchunguzi wa mwaka wenye dawa ya kupanua mboni, kuanzia miaka 3 mpaka angalau 10.

Mahali ambapo CT haifikiki, X-ray na ultrasaundi, ambazo hospitali nyingi za mkoa au kaunti zinazo, bado zinakamata mengi. Ukilazimika kuchagua CT moja tu, chagua ile ya miezi 3 hadi 6.

CT nyingi si hatari?

Mionzi ya CT si ya kuchezea kwa mtoto, ndiyo maana ratiba inataka mbili tu kwa asiye na kifuko. Hakikisha mashine imewekwa kwa kipimo cha mtoto, kifua pekee ndicho kinachopigwa, na hakuna kurudia "bila dawa ya rangi na kwa dawa ya rangi" pasipo sababu. Kichanga aliyenyonyeshwa na kufungwa vizuri kwenye kanga mara nyingi hulala na kupigwa bila dawa ya usingizi.

Dalili gani nyingine tuzijue nyumbani?

Tumbo la mtoto linalovimba upande mmoja bila maumivu, hasa kabla ya miaka 4, huenda ni la figo. Msichana anayeota ndevu, sauti ikawa nzito au hedhi ikakatika, apimwe ovari. Uvimbe wa ovari uitwao Sertoli-Leydig unaweza kutoa homoni za kiume zinazoleta hali hizo. Damu au kinyama kinachojitokeza ukeni kwa msichana ambaye hajavunja ungo au aliyevunja karibuni kichunguzwe na daktari wa wanawake. Pua iliyoziba upande mmoja isiyofunguka, mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, na uso wa kichanga unaojaa na kuwa mviringo ghafla pia ni vya kupeleka hospitali.

Nina kasoro na nataka kuzaa. Nifanye nini?

Mimba haikatazwi. Omba ultrasaundi ya kina mwezi wa saba au wa nane kuangalia mapafu ya mtoto, na jifungulie mahali penye X-ray na daktari wa watoto, kwa sababu kifuko kikubwa kinaweza kumbana mtoto mara tu anapovuta pumzi ya kwanza. Kipimo cha jeni kinaweza kufanywa wakati wa mimba kwa kuchukua chembe za kondo wiki ya 10 hadi 13, au maji ya uzazi baada ya wiki ya 15, penye huduma hiyo. Usipofanya, chukua damu ya kitovu siku ya kujifungua, majibu yawe mkononi kabla ya miezi 3.

Kuna jeni nyingine za kurithi zinazoleta uvimbe wa mapafu?

Zipo, ingawa sura yake ni tofauti. Kasoro za TSC1 na TSC2 huleta vifuko vingi vidogo vya mapafu kwa wanawake watu wazima, pamoja na uvimbe wa figo na vipele vya uso. Kasoro ya FLCN huleta vifuko kwenye sehemu ya chini ya mapafu, kupasuka kwa pafu mara kwa mara, na saratani ya figo ukubwani. MEN1 inahusishwa na uvimbe wa kasinoidi, unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni. TP53 hubeba hatari ya saratani za aina nyingi, mapafu yakiwemo. Mtu mzima ambaye pafu limepasuka mara mbili bila sababu, na baba yake vilevile, afanyiwe CT ya kifua na ultrasaundi ya figo kabla ya kuambiwa ni bahati mbaya.

Tuanzie wapi tukiwa Afrika Mashariki?

Anzia hospitali ya rufaa yenye kitengo cha saratani za watoto, kama Muhimbili, Bugando au KCMC kwa Tanzania, Kenyatta au Moi ya Eldoret kwa Kenya, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago. Daktari bingwa wa hapo anaweza kuwasiliana na rejesta ya kimataifa, ambayo hupitia upya vioo vya patholojia, yaani vipande vyembamba vya uvimbe vilivyowekwa kwenye vioo, na kushauri matibabu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani nayo ina utafiti wa muda mrefu wa familia zenye kasoro ya DICER1.

Nenda na picha zenyewe, kwenye CD au flashi, kwa kuwa karatasi ya majibu peke yake haimtoshi daktari. Beba X-ray zote kuanzia ya kwanza, hata ile iliyosomwa "nimonia", kwani ndiyo inayoonyesha kifuko kilikuwepo tangu lini. Beba namba ya kitalu cha patholojia, orodha ya dawa alizopewa na tarehe zake, na karatasi uliyochora ukoo: babu na bibi wa pande zote mbili, watoto wao, na kando ya kila jina ugonjwa wa shingo, mapafu, figo au ovari na umri alioupata. Kama kuna mtoto wa ukoo aliyefariki mdogo kwa "kifua", muandike pia.